Mwenyekiti wa Wapenzi wa Sela

Kabla hajafungua ukurasa, Mwenyekiti wetu alilamba kidole. Si kugusa ncha ya ulimi kama watu wengine, la. Alikiingiza kidole chote mdomoni, akakizungusha kama anayetafuta nyama iliyokwama kwenye jino, akakitoa kinang'aa, halafu akakibandika kwenye kona ya karatasi. Ukurasa uliofuata, vilevile. Kitabu kikitoka mikononi mwake kona zake zote zimevimba na kupata rangi ya chai. Na sisi tulivipigania vitabu hivyo! Mtu anamnyang'anya mwenzake, anakikumbatia kifuani, mate na yote.

Tulijiita Wapenzi wa Sela. Sela ni msichana wa kwenye riwaya, analelewa na bibi yake kwenye ploti ya mabati, na ana mdomo ambao haujui kunyamaza. Alimjibu chifu mbele ya baraza. Alifukuzwa shule, akarudi kupitia dirishani. Alipenda vijana wasiofaa, mmoja baada ya mwingine, na kila mara tukamwambia kwa sauti, kama anasikia, wacha huyo. Mwandishi wetu aliviandika vitabu hivyo kwa ajili ya vijana wa sekondari, hata nyuma ya jalada imeandikwa hivyo, lakini sisi tulikuwa watu wazima na kazi zetu. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya mawakili mjini, na Sela nilimsoma akiwa amefungwa gazeti, kwa aibu. Fundi wa mabomba mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alimwita Sela "msichana yangu" na alikuwa tayari kupigana na yeyote aliyemsema vibaya. Bi. Saumu, aliyetoka Mombasa na kufungua duka la leso nyuma ya River Road, Nairobi, alifunga duka mapema kila Jumamosi kwa ajili ya Sela, na wateja wake wakanuna.

Tulikutana ghorofani, River Road, kwenye karakana ya Mwenyekiti. Kazi yake ilikuwa kufunga vitabu. Aliletewa Biblia zilizochanika, vitabu vya nyimbo za kanisa, vitabu vya risiti, akavishona na kuvipaka gundi. Gundi aliichemsha mwenyewe kwa unga wa ngano kwenye sufuria ambayo sijawahi kuiona ikioshwa, na chumba chote kilinuka uji uliochacha. Aliionja kwa kidole kujua kama imeiva. Kidole kilekile! Mara ya kwanza nilidhani anafanya mzaha. Baadaye nikazoea, na kuzoea kwenyewe ndiko kunanichukiza zaidi.

Yeye ndiye aliyezifunga nakala za kwanza kabisa za Sela, zamani, wakati Mwandishi wetu hajulikani na anatafuta fundi wa bei rahisi. Jambo hilo hakutuacha tulisahau. "Mimi nilimbeba Sela kabla hajapata ngozi," alikuwa akisema, maana yake kabla ya jalada. Aliyasema hayo akijipigapiga kifua, na aliyasema kwa kila mgeni, na kwa mgeni huyohuyo akirudi wiki ya pili.

Sasa niwaeleze habari ya wembe. Riwaya mpya ya Sela ikitoka, kundi lilichanga likanunua nakala chache. Wasomaji tulikuwa wengi kuliko nakala. Kwa hiyo Mwenyekiti aliweka kitabu kipya mezani, akakifungua katikati, akakikandamiza kwa goti mpaka mgongo ukalia ka! Halafu akapitisha wembe. Kitabu kimoja kikawa vipande vinne. Kila kipande alikishonea jalada la manila, vikaanza kutembea kwa watu: ukimaliza cha kwanza unampa mwenzako, unachukua cha pili. Ilikuwa akili nzuri, siwezi kukataa. Lakini kuna watu wanaochinja kuku na kuna watu wanaofurahia kuchinja kuku. Yeye alikuwa wa pili. Alitoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo akikata.

Kipande cha nne tulikiita mkia. Mkia haukutembea. Mkia ulikaa na Mwenyekiti, kwenye droo yenye kufuli, na kuupata lazima utoe ushuhuda.

Wengi wetu tulikuwa watu wa kanisa, watu wa kutoka Magharibi ya Kenya, ushuhuda tumekua nao. Unasimama, unasalimu, unasema Bwana alikutoa wapi. Mwenyekiti aliuchukua mtindo huo mzimamzima akauleta kwa Sela. Unasimama, unasema, "Wapenzi wa Sela, hamjambo," tunaitikia, halafu unaeleza kipande cha tatu kilikugusa wapi. Na si kusema tu kwamba ni kitamu. Ilibidi useme ni kitu gani katika maisha yako mwenyewe Sela alikigusa. Tena ilibidi ulie. "Macho makavu hayapati mkia," ndiyo ilikuwa kauli yake. Ukimaliza alikusogelea, akakushika kidevu, akachungulia jicho lako kama daktari wa ng'ombe. Pumzi yake ilikuwa ya mutura, ule utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama na damu, na kitunguu kibichi, kwa sababu mutura aliila wakati watu wanashuhudia. Mtu anaeleza mtoto wake aliyefariki, na yeye anatafuna. Kwenye mkia wa kitabu cha pili, pale Sela anapoagana na bibi yake, kulikuwa na doa la mafuta ya mutura lililopenya kurasa kadhaa. Nililia juu ya doa hilo.

Eti kwa nini tulivumilia? Kwa sababu tulitaka kujua Sela ataishia wapi. Sina jibu lingine, na sitatia chumvi.

Na haki yake nimpe, hata kama inanikaba. Mama yangu, ambaye ninaishi naye Dagoretti Corner, alipofanyiwa upasuaji wa macho, Mwenyekiti alimletea uji hospitalini kila siku aliyokuwa amelazwa. Uji wa wimbi, kwenye thamosi yake mwenyewe. Aliupoza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, akakaa kitandani akamsimulia mama vitabu vya Sela kwa sauti za watu wote, chifu, bibi, wale vijana wasiofaa, mpaka wagonjwa wa jirani wakanyamaza wasikilize. Mama alicheka akaambiwa na muuguzi asicheke, macho bado mabichi. Mtu mmoja ndiye aliyekuwa na thamosi hiyo na kidole kile. Nimeshindwa kuwatenganisha.

Baada ya hapo mama naye akawa mpenzi wa Sela. Macho yalipona nusu, herufi hakuziona vizuri, kwa hiyo mimi nilimsomea. Jumapili tukitoka kanisani, yeye anachambua maharagwe au anakata sukuma wiki, mimi nasoma. Kipande kwa kipande, kisha kusubiri mkia. "Huyo mzee wenu anaringa na mkia kama fisi," mama alisema. Hakuna wiki aliyosahau kuniuliza kama nimeupata.

Ndiyo maana nilishuhudia. Kitabu cha tatu kiliponikuta na macho makavu, Mwenyekiti alinirudisha kukaa. Wiki iliyofuata akanirudisha tena. Mama nyumbani anauliza mkia. Basi mara ya tatu nilisimama, nikasema kile ambacho sikuwahi kukisema.

Nilisema baba yangu alipokufa nilikuwa mdogo, na kumbe alikuwa na mke mwingine nyumbani, aliyeolewa kwa ng'ombe. Mama alikuwa mke wa Nairobi tu. Tulisafiri kwenda mazishini, na shemeji zake wakatufungia geti. Jirani mmoja alituonea huruma akatupitisha kwenye shamba lake la mahindi mpaka kwenye ua wa michongoma. Tope lilinasa kiatu kimoja cha mama, akakiacha hukohuko. Kaburi tuliliona kwa mbali, katikati ya miguu ya watu. Mama aliokota udongo wa shamba la jirani, akaurusha juu ya ua. Haukufika. Ulimmwagikia mgongoni mtu aliyeshika sufuria, naye akageuka akatutazama, akajipangusa. Basi mama akaimba wimbo wa kuaga, peke yake, upande wetu wa ua, mpaka mwisho.

Nilipomaliza, fundi wa mabomba alikuwa amefunika uso kwa kofia. Bi. Saumu alinishika mkono. Mwenyekiti hakutafuna. Alikuja, hakunishika hata kidevu, akanipa mkia, halafu akatoka kwenye baraza na simu yake. Alikuwa na tabia hiyo. Kila baada ya ushuhuda mzito alitoka barazani akapiga simu ndefu, mgongo ametugeuzia, mkono wa pili unachora hewani. Tulidhani anampigia mkewe. Tulisema, angalau nyumbani kwake anaongea na mtu.

Kitabu cha nne kilikawia. Kilipotoka, mama alikuwa amechoka na vipande. Nikaamua safari hii nimnunulie kizima, kutoka duka la vitabu mjini, kinanukia upya, hakijaguswa na kidole cha mtu. Nilimwambia Mwenyekiti sitasubiri mkia. Nilidhani atakasirika. Alicheka meno yote nje, akasema, "Nunua, nunua. Hii utaipenda. Utaona."

Jumapili hiyo mama alikuwa na ungo wa maharagwe magotini. Tulikwenda vizuri. Alicheka, alimtukana kijana mmoja wa Sela, akasema huyu hata mimi ningemkimbia. Karibu na mwisho anaingia shangazi yake Sela, anayesafiri kumzika mumewe, na anafungiwa geti. Sikushtuka. Mambo hayo huwapata wengi. Nikaendelea kusoma, shangazi akaingia kwenye mahindi, na nilikuwa nimeshasoma habari ya kiatu kwa sauti kubwa na nzuri kabla sijaelewa ninasoma nini. Ulimi ulikimbia mbele yangu. Udongo ukarushwa, haukufika. Mtu mwenye sufuria akajipangusa.

Mikono ya mama ilikuwa imesimama kwenye ungo.

"Huyo mwandishi alikuwepo?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Nani alimwambia?"

Nikamwambia. Kwamba niliyasema kundini, kwa watu wachache, nikilia, kwa ajili ya mkia. Na kwamba yaliyotoka hapo sijui yalitokaje. Mama alisikiliza yote. Alichagua jiwe kwenye maharagwe, akalitupa.

"Weka hiyo kitabu mbali na chakula," akasema.

Hakuniuliza tena habari za Sela. Hakunigombeza wala hakulia, na ingekuwa afadhali. Jumapili zetu zikawa za redio. Mimi mwenyewe nikijaribu kufungua ukurasa mwingine wa kitabu hicho nilisikia ile harufu ya uji uliochacha, ingawa kilikuwa kipya kutoka dukani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda River Road. Sikwenda kwa ajili ya kusoma, nilitaka kujua. Nilikuta mikia imeshatolewa, yote, watu wanashuhudia. Na wanashuhudia nini? Shangazi! Wote wameguswa na shangazi. Fundi wa mabomba, mtu mwema, asiyekumbuka kwamba aliwahi kufunika uso kwa habari hiyohiyo chumbani humohumo, au labda alikumbuka akadhani ni sadfa, alisimama akasema kile kiatu kimemuua. Akalia kwa kwikwi. Watu wakapiga makofi. Walikuwa wanajifuta machozi kwa msiba wa mama yangu, na katikati yao Mwenyekiti ana kipande cha mutura mkononi. Akanitazama. Akanikonyeza.

Nilimngojea kwenye ngazi. Sikupiga kelele.

"Mzee, ni wewe?"

"Si nilikuambia utaipenda?" Alikuwa anang'aa uso. "Nilimwambia yote, msichana yangu. Hata ya kiatu. Siku ya kwanza nilikuwa nimesahau kiatu, nikampigia tena. Akasema, hapo sasa, hapo ndipo penyewe."

"Mama yangu yuko hai. Nilimsomea mwenyewe."

"Haiya! Alisikia? Alisemaje?" Na alisogea karibu, aki ya Mungu, alisogea akachungulia macho yangu. "Watu wanalipa kuingia kwenye kitabu. Mama yako yuko ndani milele, bure, na wewe hushukuru?"

Nilitema mate. Palepale kwenye ngazi, mbele ya viatu vyake, mimi niliyelelewa kutotema mate hata shambani. Akatazama mate yangu, akanitazama mimi, akaonekana kuumia kwelikweli, kama mtu aliyeleta zawadi ikarushwa mtaroni.

Bi. Saumu alinikuta chini kwenye kona. Nilimweleza. Hakushangaa hata kidogo.

"Mwanangu, wewe umejua leo? Mimi nilijiona kwenye kitabu cha tatu. Ile talaka ya mkesha wa Idi, na pilau bado iko motoni. Talaka yangu ile, na pilau yangu."

"Na ukaendelea kuja?"

Akajifunika vizuri leso yake. "Nilimwona kinyaa, siwezi kukuficha. Nikisema nae nakwenda kunawa. Lakini kitabu kiliisha Sela kashaingia kwenye lile lori. N'takaaje bila kujua lori lilimpeleka wapi?"

Yeye alibaki. Mimi sikurudi. Nilisikia baadaye kwamba karakana imefungwa, kwamba kitabu cha tano, cha mwisho, kimetoka na Sela ameolewa, au hakuolewa, nilikataa kusimuliwa. Nikipita duka la vitabu na kumwona Sela dirishani nilivuka barabara. Huo ndio uchungu wangu mkubwa kwa mzee yule, kuliko mate, kuliko mutura. Nilikuwa na msichana ninayempenda, na mama yangu alimpenda, na sasa nikimwona natamani kutapika.

Mwaka jana ilifika habari kwamba Mwenyekiti ni mgonjwa sana, anaishi kwa binti yake Mutuini, kwenye zile nyumba mpya za kupanga zilizoota katikati ya mashamba. Mama ndiye aliyesema niende. Nilikataa katakata. Akaniambia, "Alinibebea uji. Nenda umpelekee avokado, urudi. Usikae."

Nilikaa. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, miguu imevimba, shati kubwa kuliko mwili. Binti yake alinisalimu akaingia jikoni. Magotini alikuwa na kitabu cha tano, kizima, hakijapitishwa wembe. Kando yake kulikuwa na kisahani cha maji. Dawa za sukari zilikuwa zimemkausha mdomo, hakubaki na mate. Sasa alichovya kidole kwenye kisahani kabla ya kufungua ukurasa. Maji yalikuwa yameingia vumbi na nzi mmoja.

"Umesoma ya mwisho?" akaniuliza, hata salamu hajamaliza kuitikia.

"Sisomi tena, mzee. Unajua kwa nini."

Alitikisa kichwa kama hilo si neno. "Mimi nimesoma mara mbili. Sasa hii ni ya tatu. Siko."

"Hauko wapi?"

"Humu." Alikipiga kitabu kofi. "Saumu yuko. Fundi yuko. Mama yako yuko. Hata yule askari wa benki aliyekuja siku moja tu, yuko. Mimi niliyembeba Sela kabla hajapata ngozi, siko hata mstari. Na mimi ndiye nilianza. Kabla ya nyinyi wote, nilimpigia nikamwambia yangu. Nilimwambia nikilia. Akasema asante mzee, kuna mwingine?"

Nilitafuta ndani yangu kama naona raha. Niliiona kidogo, ya haraka haraka, na nikajichukia kwa hiyo. Kisha, bila kuulizwa, akanisimulia. Ile habari yake, aliyomwambia Mwandishi ikakataliwa. Hakutafuna, hakuchora hewani kwa mkono. Aliisema akitazama miguu yake, na machozi yalitoka, ingawa mate hayakutoka. Binti yake alichungulia mlangoni akarudi ndani. Nadhani hata yeye hajawahi kuisikia. Sikumshika kidevu kuchungulia jicho lake. Nilitamani, ndiyo, ili ajue.

Alipomaliza alijipangusa kwa ukosi wa shati, akachovya kidole kwenye kisahani kwa mazoea, kikabaki hewani kinadondosha maji.

"Wewe umekaa ofisini miaka yote, unajua kuandika," akasema. "Niandike. Yote. Na uweke jina langu kamili, na la baba yangu, watu wajue ni mimi."

"Yote, mzee?"

"Yote! Usinifiche."

Alikufa kabla ya mvua za masika. Nilimwambia mama, akazima redio kwa muda, akaiwasha tena. Na ahadi sikuitoa, lakini nimeandika. Nimeandika kidole, na gundi aliyoionja, na wembe, na mutura, na thamosi ya uji, na simu za barazani, na kisahani chenye nzi. Jina lake sikuliweka. Na ile habari aliyoniambia Mutuini akilia, aliniambia mimi peke yangu, kwa hiyo siisemi.